Mjane Ambaye Mumewe Hajafa: Kuisoma Riwaya ya Taharuki Tukiwa Kasubi

Utangulizi

Riwaya pendwa haijapata nafasi ya kutosha katika mihadhara yetu. Wanafunzi huisoma usiku bwenini, asubuhi wakaja darasani kuhakiki Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed kana kwamba kile kitabu cha usiku hakikuwapo. Wahakiki nao huitaja kwa haraka, wakasema ni kazi ya kuburudisha tu, kisha wakaendelea na mengine. Katika makala haya tunakusudia kuitazama kwa makini riwaya moja ya aina hiyo, The Liar ya Nora Roberts, mwandishi wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 2015. Ni riwaya inayochanganya mapenzi na taharuki, na mhusika wake mkuu ni mjane kijana anayejaribu kuyajenga upya maisha yake.

Swali letu ni hili: riwaya hii inasomekaje Kasubi? Hatukukichagua kilima hiki kwa sababu tu kiko karibu na chuo. Tumekichagua kwa kuwa Kasubi ndipo walipozikwa Kabaka wanne wa Buganda, na ndipo ujane umekuwa wadhifa na makazi kwa takriban miaka 140. Mtu anayeishi jirani na Amasiro, yaani makaburi hayo ya kifalme, anajua jambo ambalo Roberts analigundua karibu na mwisho wa kitabu chake: kwamba mwanamke anaweza kuitwa mjane ilhali mumewe hahesabiwi kuwa amekufa. Hoja yetu ni kwamba taharuki ya kweli ya riwaya ya mjane imo katika jambo hilo. Roberts ameligusa kisha akaliacha lipite. Mwandishi wetu wa Kiswahili anaweza kulishika.

Tunamwomba radhi msomaji ambaye hajaisoma The Liar, kwani hatutaweza kuihakiki bila kufichua msuko wake.

Riwaya yenyewe

Shelby Foxworth ana binti mdogo, Callie, na mume aitwaye Richard ambaye anasemekana kufa maji baharini. Maiti haikupatikana. Mara tu baada ya msiba, Shelby anagundua kwamba nyumba kubwa waliyoishi karibu na Philadelphia ina deni la mamilioni ya dola. Anapopanga nguo za marehemu anakuta ufunguo mfukoni. Anazunguka benki moja baada ya nyingine mpaka anapata kisanduku unachokifungua, na ndani yake mna fedha taslimu, bastola, na vitambulisho vyenye picha ya mumewe na majina tofauti tofauti. Anaiacha nyumba, anauza alichoweza kuuza, anarudi kwa wazazi wake katika mji mdogo wa milimani jimboni Tennessee. Huko anafanya kazi, anaanza kulipa madeni, na anampenda fundi seremala aitwaye Griffin. Lakini mambo ya marehemu yanamfuata hadi kijijini. Watu wanauawa. Hatimaye inabainika kwamba Richard hakufa.

Kwa upande wa fani, kazi hii inastahili sifa. Kwanza, mwandishi ameyafanya madeni kuwa sehemu ya taharuki. Tunamwona Shelby akiandika hesabu, akiuza fanicha na nguo, akifuta deni moja na kuhamia jingine. Msomaji anasubiri salio lake kwa hamu ileile anayomsubiria muuaji. Si riwaya nyingi za aina hii zinazothubutu kuandika hesabu za matumizi ya nyumbani. Pili, mwandishi haharakishi mapenzi. Mjane anaonekana kwanza akiwa mama, binti na mfanyakazi, ndipo anapokuwa mpenzi. Tatu, Roberts anaelewa kwamba majonzi ya mjane yanaweza kuchanganyika na hasira. Shelby hamlilii Richard kwa namna majirani wanavyotarajia, na yeye mwenyewe anaona haya kwa hilo.

Hata hivyo, tunaona kasoro moja kubwa, nayo inatokana na jinsi fumbo linavyofumbuliwa. Richard akishajulikana kuwa yu hai na ni mhalifu, maovu yote ya kitabu yanamwangukia yeye. Deni, hofu, aibu, upweke: vyote vilisababishwa na mwongo mmoja, na mwongo huyo akishaondolewa, njia imefunguka. Hakuna shemeji anayekuja kudai kitu. Hakuna kikao cha ukoo. Shelby anaporudi kwa wazazi wake, mlango uko wazi na chumba kipo. Hakuna anayemwuliza mtoto ni wa nani au amekuja kukaa mpaka lini. Na Griffin, kwa bahati njema, anakarabati nyumba kuukuu. Hivyo mjane anatoka katika nyumba ya mume mmoja na kuelekea nyumba ya mwanamume mwingine, na riwaya haioni kwamba hapo pana swali la kuuliza.

Jambo hilohilo katika barua ya Ramatoulaye

Ili kuonyesha kwamba hatudai lisilowezekana, tuilinganishe riwaya hii na Barua Ndefu kama Hii, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979 na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1980. Kitabu hiki hakiuzwi kama riwaya ya taharuki. Lakini msomaji akiuweka msuko wake kando ya ule wa Roberts atashangaa jinsi vinavyofanana.

Ramatoulaye naye amefiwa ghafla na mume, Modou. Naye anagundua baada ya kifo kwamba mume alikuwa na siri za fedha. Modou alichukua mkopo ili kumpatia mke wa pili, Binetou, makazi ya kifahari, na rehani ya mkopo huo ilikuwa nyumba anamoishi Ramatoulaye mwenyewe. Hati ya nyumba ina jina la Modou peke yake, ingawa ilinunuliwa kwa akiba ya wote wawili. Kwa Roberts siri inafichuka kwa ufunguo na kisanduku cha benki. Kwa Bâ inafichuka kwa taratibu za mirathi, pale ambapo mambo ya marehemu yanawekwa hadharani mbele ya jamaa. Hakuna bastola wala anayefukuzwa usiku, na bado tunasoma kwa moyo uliopanda.

Tofauti iko wapi? Kwa Bâ, hatari haiko kwa mume. Modou amekufa kweli, na kufa kwake hakujamaliza jambo. Baada ya siku arobaini anaingia Tamsir, kaka wa marehemu, akiwa na imamu na rafiki wa familia, kutangaza kwamba atamwoa mjane. Haombi. Anatangaza, kama mtu anayechukua zamu yake. Jibu la Ramatoulaye, mwanamke aliyenyamaza miaka mingi, ndicho kilele cha kitabu. Baadaye anakuja Daouda Dieng, mwanamume mwungwana aliyempenda tangu ujana. Kwa kanuni za riwaya ya mapenzi, huyu ndiye angekuwa Griffin. Ramatoulaye anamkataa pia, kwa sababu Daouda ana mke tayari, na yeye hataki kumwonjesha mwanamke mwingine uchungu alioonja yeye.

Kwa hiyo Bâ anatufundisha kwamba mjane anaweza kuwa katika taharuki bila muuaji. Inatosha kwamba kila mtu aliye sebuleni ana neno la kusema juu ya mwili wake, watoto wake na paa lake, na kwamba yeye bado hajajibu.

Kasubi na mume asiyekufa

Sasa turudi nyumbani. Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga ikulu yake Kasubi mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humohumo. Wakafuata Mwanga wa Pili, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 na mabaki yake kurudishwa mwaka 1910. Daudi Chwa wa Pili, aliyefariki mwaka 1939. Na Mutesa wa Pili, aliyefia London mwaka 1969 na kurudishwa mwaka 1971. UNESCO iliyaingiza makaburi haya katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010, ikajengwa upya, na mwaka 2023 mahali hapa pakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mgeni hutazama paa la nyasi na mapazia ya magome ya mti. Sisi tunapendekeza awatazame wanawake. Katika nyumba ndogo zinazoizunguka nyumba kuu wanaishi wanawake wanaohesabiwa kuwa wake wa Kabaka waliozikwa humo. Kazi yao ni kuwatunza. Anapofariki mmoja wao, ukoo wake humtoa mwanamke mwingine kushika nafasi yake. Hivyo mwanamke anaweza kuwa mjane wa mfalme ambaye hakumwona kwa macho. Aidha, kwa itikadi ya Wabaganda, Kabaka hasemwi kuwa amekufa. Nyuma ya pazia la magome ya mti ndipo ulipo msitu, kibira, na Kabaka ameingia humo. Mke wake basi ni mjane kwa macho yetu, na kwa desturi bado ni mke.

Hapa ndipo tunapoikumbuka The Liar. Richard hakufa, na kwa hiyo Shelby hakuwa mjane halisi. Kwa Roberts hii ni hila ya tapeli. Kwa Kasubi ni utaratibu unaojulikana na kuheshimiwa. Lugha zetu nazo zina kumbukumbu ya jambo hili. Waganda humwita mjane nnamwandu. Waswahili wa pwani wana neno mjane, na pia wana neno kizuka, yaani mwanamke aliye katika eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi. Lakini kizuka pia ni kitu cha kutisha kinachotokea ghafla, kama pepo. Katika riwaya ya Kimarekani mume ndiye anayezuka. Katika lugha yetu, jina hilo amepewa mke.

Mjane wa mwaka 1941

Kama kuna anayedhani kwamba kilima cha makaburi hakiwezi kutoa kisa cha mapenzi na taharuki, tunamkumbusha yaliyotokea Buganda mwaka 1941.

Daudi Chwa alipozikwa Kasubi, mwanawe Mutesa wa Pili, kijana wa miaka kumi na mitano, alirithi kiti. Mama yake, Irene Drusilla Namaganda, akawa Namasole, mama wa Kabaka. Kwa desturi, Namasole haolewi tena. Mwaka 1941 mjane huyo akataka kuolewa, tena na mtu wa kawaida, Peter Kigozi. Kanisa la Kianglikana, ambalo mafundisho yake yanamruhusu mjane kuolewa, liliikubali ndoa hiyo. Katikkiro wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, aliiunga mkono. Machifu na watu wengi wakaja juu. Ndoa ilifungwa, Namaganda akapoteza cheo chake, na Nsibirwa akalazimika kujiuzulu mwaka huohuo. Nafasi yake ikachukuliwa na Samwiri Wamala.

Tukitazame kisa hiki kwa macho ya mhakiki. Kina mjane, kina mpenzi, kina siri na kina hatari. Kina hata mume ambaye kwa mujibu wa desturi hajafa. Lakini hakina mwongo hata mmoja. Machifu waliokataa hawakuwa matapeli. Walikuwa wanalinda kitu walichoamini kinaishikilia Buganda. Maaskofu waliokubali nao hawakuwa na hila. Na Namaganda hakutenda kosa lolote zaidi ya kutaka kuishi na mtu aliyemchagua. Nguvu ya kisa inatokana na kwamba kila upande una haki yake, na bado mwanamke mmoja ndiye anayelipa. Nsibirwa naye alilipa kwa wadhifa wake. Hili ndilo tunalolikosa katika The Liar, ambamo mwovu akishaondolewa hakuna tena wa kubishana naye.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya wafalme. Sivyo. Kwa miaka mingi Sheria ya Urithi ya Uganda iliweka sharti la namna hiyohiyo kwa mjane wa kawaida. Mume akifa bila wosia, mjane alikuwa na fungu la asilimia 15 ya mali, na kama wajane walikuwa wengi, waligawana hiyohiyo. Alikuwa pia na haki ya kuendelea kuishi katika nyumba ya ndoa. Lakini haki hiyo ilikoma akiolewa tena. Kwa maneno mengine, mapenzi yalikuwa na bei, na bei yake ilikuwa paa. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo, kikiwamo hicho, kwa kuwa vilimbagua mwanamke. Marekebisho yaliyopitishwa na Bunge mwaka 2022 yaliongeza fungu la mjane au mgane hadi asilimia 20.

Msomaji atakubaliana nasi kwamba sheria kubadilika na ukoo kubadilika ni mambo mawili. Kikao cha ukoo baada ya mazishi, siku ya kumsimika mrithi, jirani anayehesabu magari yanayosimama mbele ya nyumba ya mjane: haya hayafutwi kwa hukumu ya mahakama. Mwandishi anayetafuta taharuki hana haja ya kwenda mbali.

Mwelekeo wa riwaya ya Kiswahili

Riwaya ya Kiswahili ya taharuki ina historia ndefu. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Elvis Musiba alitupa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Lakini katika utanzu huu upelelezi ni kazi ya mwanamume, na mwanamke kwa kawaida ni mrembo wa kupendwa au jasusi wa kuogopwa. Mjane huonekana katika sura ya kwanza akilia, akamweleza mpelelezi alichokiona, kisha akatoweka. Roberts ametuonyesha kwamba mjane anaweza kuwa mpelelezi mwenyewe. Yeye ndiye mwenye funguo, ndiye aliyezipanga nguo za marehemu na ndiye anayezijua risiti. Hili ni somo tunaloweza kulipokea kwa shukrani kutoka kwa riwaya pendwa ya kigeni.

Tunapendekeza mambo matatu kwa wanafunzi wetu wanaojaribu kuandika. Kwanza, siri za marehemu zifichuliwe pale zinapofichukia kweli katika jamii yetu: kikaoni, msibani, kwa mwenye duka anayekuja na daftari la madeni, kwa mwanamke mwingine anayefika matangani na watoto. Pili, shemeji asiwe shetani. Mpeni sababu zake. Shemeji anayeamini kwamba anawalinda watoto wa kaka yake anatisha zaidi kuliko mlevi mwenye panga, kwa kuwa majirani watamuunga mkono. Tatu, mpenzi mpya asitatue tatizo. Aliongeze. Kila anapobisha hodi, msomaji ajue kwamba kuna kitu mjane anaweza kukipoteza kwa kumfungulia.

Huenda msomaji wa riwaya za mapenzi akatulaumu kwamba tunataka kumnyima raha yake. Anataka kitabu kiishe vizuri, naye ana haki. Hatupingi mwisho mwema. Hakuna sheria ya fasihi inayosema kwamba mjane wa Kiafrika lazima abaki peke yake ili kitabu kiwe cha maana. Tunachodai ni kwamba mwisho huo mwema ulipiwe ndani ya hadithi. Ramatoulaye anamaliza barua yake akiwa bado na matumaini ya furaha, na tunamwamini kwa sababu tumeona alichokikataa. Shelby anaishia mikononi mwa Griffin, nasi tunafurahi, lakini hatukuona akichagua kati ya vitu viwili vyenye uzito sawa. Alichagua kati ya mwovu na mwema, na hapo hapakuwa na uchaguzi mgumu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba The Liar ni riwaya iliyosukwa vizuri, yenye jicho zuri kwa fedha na kazi za mjane, na kwamba udhaifu wake ni kuyabebesha maovu yote mtu mmoja. Tumeonyesha pia kwamba msomaji wa Kasubi ana vigezo vyake vya kuipimia, vilivyotokana na mahali ambapo mume hahesabiwi kuwa amekufa hata akiwa kaburini. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Vijana watakaokisoma watahitaji vitabu vya usiku pia, si vya mtihani tu. Tungependa kimoja kati ya hivyo kiwe cha nnamwandu wa Kasubi, mwenye nyumba, watoto, shemeji mwenye sababu zake, na mtu anayebisha hodi. Mwanafunzi atakayeleta sura ya kwanza idarani atapata wa kuisoma.